Damu Isiyo na Mstari

Tone la damu lilizama kwenye chupa, likafika chini, kisha likapanda tena.

Asekenye alilitazama. Katika miaka mitatu aliyofanya kazi ya kupokea watoaji damu katika ile hospitali ndogo ya Malaba, alikuwa ameona matone ya namna mbili tu. Damu yenye nguvu huzama kwenye yale maji ya bluu ya kupimia moja kwa moja kama kijiwe. Damu hafifu huelea juu, na mwenyewe huambiwa arudi nyumbani akale mboga na maini. Hili lilizama, likapanda, likazunguka kando ya kioo, likazama tena, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

Alidhani ni mkono wake uliotikisa chupa. Akaandika kwenye fomu: imezama.

Siku hiyo hakuwa na muda wa kushangaa. Kwenye wodi ya akina mama, hatua thelathini kutoka hapo, wifi yake Atyang alikuwa amejifungua mtoto wa kike alfajiri, na sasa ilikuwa saa saba mchana na damu ilikuwa haijakoma. Atyang ndiye aliyekuwa akibaki na mwana wa Asekenye kila siku ili yeye aende kazini. Alimwogesha, akamlisha, akamfunga mgongoni akienda shambani. Friji ya damu ilikuwa tupu. Gari lililotumwa kuleta damu lilikuwa limekwama nyuma ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka. Ndugu watatu walikuwa wamekuja mbio kutoka Kocholia: wawili presha yao ilikuwa juu, wa tatu alikuwa ametoa damu mwezi uliopita. Ejoku, mume wa Atyang, ambaye ni kaka yake Asekenye wa tumbo moja, alikuwa na homa ya ini. Asekenye mwenyewe alikuwa akinyonyesha, na anayenyonyesha hatolewi damu.

Ndipo mwenye lile tone akaingia, peke yake, akanyoosha mkono bila kuombwa.

Alikuwa na shati lililopigwa pasi na kufungwa vifungo hadi shingoni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na ua mzima ulikuwa tope, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Alinukia udongo, ule wa ndani ya kichuguu kikibomolewa, unyevu ambao haujawahi kuona jua. Na alipoketi, kelele za malori barabarani hazikusikika tena mle chumbani. Asekenye aliligundua hilo baadaye. Wakati ule aliona tu kwamba kumekuwa na kimya, na yeye kimya cha watu hakukiweza.

Alikuwa mwanamke mwenye haya. Mtu akinyamaza mbele yake aliona kana kwamba yeye ndiye aliyemkosea, na angetafuta neno lolote la kuziba lile pengo. Mkuu wa maabara, Okwara, mtu wa maneno machache na miwani iliyoshikwa kwa uzi, alikuwa amemwonya mara nyingi. Muulize mtu jina lake, usimtajie. Muulize aliugua nini, usimwambie hakuugua. "Usimtafunie mtu jibu, mama," alikuwa akisema. "Mwache atafune mwenyewe."

Asekenye alimuuliza yule mtu jina. Mtu akamtazama. Macho yake yalitulia usoni pake kama macho ya picha ukutani. Alingoja kidogo, akasikia masikio yake yakipata moto, akauliza kama anatoka Kocholia.

"Kocholia," akasema mtu.

Akamuuliza kama ni wa kwa Olinga, kwa sababu akina Olinga ni wengi upande ule. Akasema ni wa kwa Olinga. Kimya kikarudi. Asekenye akatabasamu kwa aibu.

"Ni Mathew?"

"Ni Mathew."

Akaandika: Mathew Olinga. Akaendelea hivyo hivyo hadi chini ya ukurasa. Hujaugua homa ya manjano, sivyo? Sivyo. Hujaongezewa damu? Hujaongezewa. Una mke mmoja tu? Mmoja tu. Hakuna chale mpya mwilini? Hakuna. Maswali ishirini na moja, na kila jibu lilikuwa limetoka kwenye kinywa cha Asekenye kwanza. Mwishowe akamwambia asiogope, haiumi, akamkabidhi kwa Okwara.

Damu ilitoka kwa kasi. Mfuko ulijaa kabla Okwara hajamaliza kubandika plasta, naye akatania kwamba kama mabomba ya mji huu yangetoa maji hivi, watu wangelala bila ndoo. Mtu hakucheka. Alipewa soda na biskuti, akaketishwa kwenye benchi la kupumzikia, maana mtoaji hutulia dakika kumi kabla ya kuondoka.

Okwara alichukua vipimo vinne vya haraka: cha virusi vya ukimwi, vya homa ya ini aina mbili, na cha kaswende. Kila kimoja ni kijikaratasi chembamba chenye nafasi ya mistari miwili. Mstari wa juu hutokea kwa kila binadamu; huo huonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Wa chini hutokea kwa mgonjwa. Okwara aliweka damu, akatazama saa yake. Dakika chache zikapita. Hakuna mstari wa chini. Hakuna mstari wa juu pia. Karatasi zote nne zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka kwenye pakiti.

Akafungua pakiti mpya akarudia. Nyeupe. Akajidunga kidole chake mwenyewe, akaweka damu yake kwenye kipimo kingine, na mstari wa juu ukatokea upesi, mwekundu, umenyooka.

"Asekenye," aliita kwa sauti ya chini. "Huyu mtu umemtoa wapi?"

Kabla hajajibu, friji ikaanza kulia. Ni friji yenye kengele, hulia joto likipanda. Okwara akafungua mlango. Mfuko ulikuwa peke yake kwenye rafu. Alipougusa aliuondoa mkono haraka, kwa sababu ulikuwa na joto la mwili, na ngozi yake ya plastiki ilikuwa ikipanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtoto aliyelala.

Kisha mfuko ukasema.

Haukusema kwa sauti ya mwanamume. Ulisema kwa sauti ya Asekenye mwenyewe, ile laini ya kuomba radhi, kutoka ndani ya baridi ya friji.

"Usiogope. Haiumi."

Okwara aliufunga mlango kwa bega. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nyuma yao, Mama Eucabeth, anayepiga deki hospitalini, mwanamke mpana wa Namboboto ambaye hakuna daktari aliyewahi kumkaripia, alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Alikuwa amesikia. Hakupiga kelele. Aliweka ndoo chini, akauliza mtu huyo alisema nini alipoulizwa maswali.

Asekenye alitaka kusema. Akafungua mdomo, akakumbuka. Mtu yule hakuwa amesema neno hata moja la kwake.

Mama Eucabeth alitikisa kichwa. Alisema kwao wanavijua vitu vya namna hiyo. Havina mdomo, havina jina, na kwa nguvu zao haviwezi kuingia kwa mtu. Hungoja kupewa. Zamani vilikaa njia panda vikingoja mtu avisalimie kwa jina la jirani akidhani ni yeye, na kuanzia hapo vilikuwa na jina. "Sasa hiki kimejifunza hospitali," alisema. "Kimeona watu wanaingiziana damu, kikaona huu mlango ni mkubwa kuliko ile yote."

Hapo Dakta Vivianne aliingia kutoka wodini, glavu zikiwa bado mikononi, na Ejoku nyuma yake. Alisema amembana tumbo, amemchoma sindano za dawa, amefanya kila kitu, na Atyang anahitaji damu ndani ya nusu saa. Okwara alimwonyesha zile karatasi.

"Si hakuna mstari?" Ejoku akadakia. "Si ndiyo mnasemanga hana kitu? Toa hiyo damu."

"Hii haijasema ni safi, haijasema ni chafu," Okwara akamjibu. "Haijasema chochote. Damu ya mtu husema."

Daktari aliitazama saa ukutani. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa amechoka. Alisema kwa upole kwamba kipimo kibovu kinaweza kumuua Atyang mwaka ujao, lakini kukosa damu kutamuua leo, na kama lazima mtu asaini, atasaini yeye. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye friji.

Asekenye alikuwa amekwisha kusimama hapo. Hakujua miguu yake ilifikaje. Mgongo wake ulikuwa kwenye mlango wa friji, na kupitia shati la kazi alisikia lile joto na ule mwendo wa kupanda na kushuka.

"Haitoki," alisema.

Ejoku alimwangalia kana kwamba hamjui. Alimuuliza kama amesahau ni nani anayemlea mtoto wake. Alimuuliza kama atakwenda yeye kumwambia mama yao kwamba damu ilikuwepo na binti yake aliikalia. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka. "Wewe ni ndugu yangu kweli?"

"Ndiyo maana haitoki." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Makosa ni yangu. Yale maswali nilijijibu mwenyewe. Mtu akitaka kumwingiza huyo ndani ya Atyang, aniondoe mimi kwanza."

Hakuna aliyemwondoa. Daktari alivuta pumzi, akasema ana dakika ishirini na tano, na akarudi wodini mbio. Ejoku alisema mchungaji aitwe, lakini mchungaji alikuwa Amagoro kwenye matanga, na barabara ilikuwa imejaa malori.

Asekenye alichukua fomu na kalamu, akaenda kwenye benchi.

Mtu alikuwa ameketi vile vile. Soda haikufunguliwa. Wagonjwa wote waliokuwa wakingoja kwenye veranda walikuwa wamesogea mbali, wengine wamekwenda zao, bila kujua vizuri wanakimbia nini. Asekenye aliketi mbele yake, magoti kwa magoti. Ile harufu ya kichuguu ilimwingia hadi kooni.

"Jina lako nani?"

Kimya.

Alikuwa amefundishwa kwamba kosa kwenye fomu halifutwi wala halipakwi rangi nyeupe. Hukatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, na aliyekosea hutia sahihi kando yake. Akaiweka kalamu juu ya jina, lakini mkono haukusogea, kwa sababu mtu alikuwa amefungua mdomo.

"Ni Mathew?" mtu akauliza, kwa sauti yake yeye Asekenye, na lile tabasamu lake la aibu lilikuwa kwenye midomo ya mtu.

"Hilo nimesema mimi. Nakuuliza wewe."

"Kocholia?"

"Hilo pia ni langu."

Akakata Kocholia. Akatia sahihi. Akashuka kwenye swali la kwanza na kuuliza aliwahi kuugua nini, akangoja, na kimya kikaja, na safari hii hakikuwa kimya cha mtu bali kimya cha shimo, kikamvuta ulimi kama mtoto anavyovuta ziwa, na kila neno alilowahi kumpa mtu yeyote ili asijisikie vibaya likapanda hadi kwenye meno yake likitaka kutoka, naye akayauma meno, akakata jibu, akatia sahihi, akauliza la pili, akangoja, akakata, akauliza la tatu. Kifungo cha juu cha shati la mtu kikafunguka chenyewe na ndani yake hakukuwa na shingo bali udongo mweusi uliokuwa ukitambaa. Akauliza la saba. Mwanga wa mchana kwenye dirisha ulikuwa ule ule, jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na kuku walikuwa wakichakura uani, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba jambo kama hili linaweza kufanyika kuku wakichakura, na mtu akainama karibu na uso wake akasema kwa sauti ya Ejoku, kwa kilio kile kile cha Ejoku, toa hiyo damu, wewe ni ndugu yangu kweli, toa hiyo damu, na kutoka maabara mfuko ukaitikia ndani ya friji, usiogope, haiumi, usiogope, haiumi, hadi sauti zikawa mbili, zikawa nne, zikajaa chumbani kama nyuki, na Asekenye akauliza la kumi na tano bila kuisikia sauti yake mwenyewe, akauliza la kumi na nane mkono wake ukiwa umekufa ganzi hadi kiwiko, akakata, akatia sahihi, akakata, akatia sahihi, na machozi yakamdondokea kwenye karatasi na hakuyafuta.

Maswali yalikwisha. Lilibaki jina.

"Huna," alisema Asekenye. "Nilikupa kwa sababu nilikuonea haya. Sasa sikuonei haya. Nalirudisha."

Akapiga mstari juu ya Mathew Olinga, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, akatia sahihi.

Shati likaanguka kwenye benchi. Hapakuwa na mtu ndani yake, ni vumbi tu la kichuguu, na mchwa wachache wakikimbia kutafuta giza chini ya sinki. Ghafla malori yakasikika barabarani, honi na injini na mtu akimtukana mwenzake kwa Kiganda. Okwara alipofungua friji alikuta mfuko umejaa maji ya tope, baridi. Aliuchukua kwa koleo hadi kwenye tanuri la taka na hakuondoka mpaka ulipokwisha kuungua.

Lakini benchi lilikuwa tupu, na Atyang bado alikuwa anatokwa damu. Zilibaki dakika kumi na mbili. Ejoku alisimama verandani akiwasihi watu, na watu wakatazama lile shati wakarudi nyuma. Nani angekaa pale? Mmoja alisema atarudi kesho. Mwingine alisema hata hajala.

Mama Eucabeth alilifagia lile shati kwa ufagio, akalitia kwenye ndoo, akajifuta mikono kwenye aproni. Kisha akageuka na kuliketia benchi lile lile, pale pale, kwa uzito wake wote, likalia chini yake.

"Niulize," alisema.

"Mama, huogopi?"

"Niogope nini, na tumbo langu limetoa watoto saba? Niulize, mtu anakufa huko."

Asekenye alichukua fomu mpya. "Jina lako nani?"

"Eucabeth Nabwire, na kama hujui kuandika Eucabeth nitakutajia herufi."

Alijibu kila kitu, hata kisichoulizwa. Miaka hamsini na mmoja. Kilo sabini na nane, na asisingiziwe mzani. Malaria ya mwisho ni mwaka juzi. Mumewe yuko kaburini mwaka wa sita sasa na hajamtafutia mwenzake, kwa sababu waliokuja walitaka kupikiwa tu. Asekenye aliuliza na kungoja, akauliza na kungoja, na hakukimbiza hata swali moja ingawa Ejoku alikuwa akipiga ukuta kwa ngumi. Tone lilizama moja kwa moja. Kundi lake lilikuwa O, na vipimo vinne vikapiga kila kimoja mstari mmoja, wa juu, mwekundu. Okwara aliilinganisha damu yake na ya Atyang, zikapatana. Ejoku aliubeba ule mfuko mpya kwa mikono miwili kama anayebeba chungu cha maji, na kufika saa kumi, malori yalipoanza kusogea na lile gari likafika na mifuko mingine, Atyang alikuwa amefungua macho na kuuliza kama mtoto wa Asekenye amekula.

Ejoku hakuomba msamaha kwa maneno. Jioni alimletea dada yake uji kazini, akakaa naye hadi akaumaliza.

Asubuhi iliyofuata, mtu wa kwanza alikuwa Emorut, mwendesha boda boda mnene wa Amagoro, aliyekuwa amesikia habari za Atyang akaja kutoa. Lakini aliogopa sindano, na kwa hofu ulimi wake ulikuwa umekwama. Asekenye alimuuliza jina, akangoja. Emorut alimeza mate. Kimya kikakaa kati yao.

Basi chini ya sinki, mahali panapopita bomba ukutani, sauti ya mwanamke ikanong'ona kwa upole na haya nyingi. Ilikuwa sauti ya Asekenye.

"Unatoka Kocholia?"

Emorut aligeuka kutafuta aliyesema. Mdomo wake ulikuwa umeanza kufunguka.

Asekenye hakugeuka. Alipiga meza kwa kiganja, chupa ya maji ya bluu ikaruka, na sauti iliyomtoka ilisikika hadi wodi ya akina mama.

"Usimjibu huyo," alimwambia. "Huyo hafanyi kazi hapa. Nijibu mimi."